Programu huria: nani ameshika ufunguo?

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo lilelile kwa midomo tofauti: msimbo ukishawekwa hadharani, kila mtu akaweza kuusoma na kuunakili, nani anabaki na neno la mwisho? Tumechagua sita. Tumezifupisha, na majina ya walioandika tumeyaacha.

Cha wote hakina mwenyewe?

*Ofisini kwetu seva zote ni Linux. Mkuu wangu wa kitengo aliniuliza mwenye Linux ni nani, nikamwambia ni ya watu wote. Akacheka, akasema cha wote hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakina wa kukitengeneza kikiharibika. Nimjibu nini? (Afisa TEHAMA, Dodoma)*

Mkuu wako amekosea, ila jibu lako nalo lilikuwa nusu. Kuna haki mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kutumia, kunakili, kubadili na kugawa. Hiyo hutolewa na leseni, na kwa Linux (kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta) leseni ni GPL toleo la 2. Hii kweli ni ya watu wote. Ya pili ni kuingiza badiliko kwenye ghala la msimbo ambalo dunia nzima inachota humo. Hiyo hakuna leseni inayoitoa. Inatolewa na watu kwa mtu ambaye kazi yake wameizoea, na wakitaka wanaichukua.

Kwenye Linux, haki hii ya pili imegawanywa vipande vipande. Ndani ya msimbo wenyewe kuna faili liitwalo MAINTAINERS. Kila sehemu, iwe kiendeshi cha kadi ya mtandao au mfumo wa mafaili, imeandikiwa watunzaji wake na anwani ya kupeleka kiraka, yaani badiliko la msimbo. Mtunzaji akiridhika anakiweka kwenye ghala lake, kinapanda kwa mtunzaji wa sehemu kubwa zaidi, mwisho kinafika kwa Linus Torvalds, aliyeianzisha mwaka 1991. Yeye hupokea mambo mapya kwa wiki 2 tu baada ya kila toleo. Wiki hizo zikiisha hutoka toleo la majaribio, rc1, na kuanzia hapo yanapita marekebisho ya hitilafu tu, jaribio moja kila wiki hadi rc7, mara nyingine rc8. Jumla ni wiki 9 au 10, kisha mzunguko unaanza upya.

Kila anayekipitisha kiraka njiani huongeza mstari wa Signed-off-by na jina lake. Utaratibu huo uliingia mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM mwaka 2003 ikidai msimbo wake umepenyezwa ndani ya Linux. Mstari ule ni kiapo kidogo: ninayo haki ya kuutoa msimbo huu chini ya leseni hii. Kwa hiyo mwambie mkuu wako kwamba kikiharibika, jina la wa kumuuliza limeandikwa. Ni kufungua faili na kutafuta sehemu husika. Makampuni mangapi yanayotuuzia programu yatakupa jina la fundi?

Kiraka kimekaa wiki tatu bila jibu

*Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Nilirekebisha hitilafu kwenye mradi mmoja mkubwa wa nje, nikatuma. Wiki tatu, kimya. Wenzangu wanasema viraka vya Waafrika havisomwi. Ni kweli? (Eldoret)*

Hatutasema upendeleo haupo popote. Lakini kabla hujafika huko, angalia yale yanayomkuta kila mgeni, wa Berlin na wa Eldoret sawia. Na Eldoret si mahali pa mtu kujiona mgeni katika mambo haya: OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika hapohapo mwaka 2006.

Sababu inayoongoza ni anwani. Kiraka kilichotumwa kwa "wote" hakimlazimu yeyote kukisoma. Endesha git log (amri inayoonyesha historia ya mabadiliko) kwenye faili ulilobadili uone nani ameligusa ndani ya mwaka mmoja uliopita. Kama mradi una faili la CODEOWNERS, linalotaja wahusika wa kila sehemu, soma humo. Kwenye Linux kuna hati ndogo, scripts/get_maintainer.pl: unaipa kiraka chako, inakutajia watu.

Inayofuata ni ukubwa. Mgeni hurekebisha hitilafu ya mistari 6, na papo hapo programu yake ya kuandikia inapanga upya nafasi za faili zima, mwisho kiraka kina mistari 900. Hakuna mtunzaji atakayekaa usiku kutafuta hiyo 6. Gawa: usafi wa nafasi peke yake (au uuache kabisa), rekebisho peke yake pamoja na jaribio linaloshindwa bila hilo rekebisho. Kwenye ujumbe eleza tatizo kwanza, na namna ya kulifanya litokee, ndipo useme ulichofanya. Ukiandika "nimerekebisha hitilafu", msomaji itabidi akisie kila kitu kingine.

Halafu majira. Mwongozo wa Linux unasema usubiri wiki moja walau kabla ya kukumbusha, na kwamba majibu huchukua wiki mbili au tatu. Katika zile wiki 2 za kupokea mambo mapya, watunzaji wana shughuli yao, kiraka kipya hakina bahati. Ukikumbusha, jibu chini ya ujumbe uleule, sentensi moja, bila lawama. Usifungue ombi jipya, maana unawafanya wapoteze mazungumzo ya awali.

Kuna njia moja ambayo wageni hawaitumii: kagua viraka vya wengine. Kivute, kijaribu kwenye mashine yako, andika ulichokiona. Miradi mingi haina uhaba wa waandishi bali wa wakaguzi, na jina la mkaguzi hujulikana haraka kuliko la mwandishi. Kiraka chako kijacho kitafika mezani kwa mtu anayekufahamu.

Tuandike katiba, tuige ya nani?

*Sisi wanne wa kampuni moja tuliandika mfumo wa hesabu za SACCOS, mwaka jana tukauweka huria. Sasa wachangiaji ni tisa, wawili wako Kampala na mmoja Muscat. Kila uamuzi unageuka ubishi wa WhatsApp hadi usiku wa manane. Tunataka kuandika katiba. Tuige mradi gani? (Mwanza)*

Wengi watawaambia igeni Debian, mradi wa kujitolea unaokusanya na kugawa Linux. Ni kweli Debian wana katiba nzuri tangu 1998: kiongozi anachaguliwa kila mwaka, kuna kamati ya kiufundi, kuna kura ya wanachama wote. Lakini imekatwa kwa kipimo cha watu wapatao elfu moja. Kwa watu tisa ni koti la babu kwa mjukuu. Chukueni vipande kwa waliovijaribu, mvishone kwenye kurasa mbili, basi.

Anzeni kwa kutenganisha aina za maamuzi, maana ubishi wenu wa usiku unatokana na kutumia mlango mmoja kwa mizigo yote. Apache Software Foundation, taasisi ya miradi mingi huria iliyoundwa mwaka 1999, inatumia namna tatu na zinafaa hata kwa kikundi kidogo. Mambo ya kila siku huenda kwa "kimya ni ridhaa": mtu anatangaza anachokusudia, muda ukipita bila pingamizi anaendelea. Mabadiliko ya msimbo yanaweza kusimamishwa na kura moja ya -1 (hapana), ila sharti iambatane na sababu ya kiufundi. "Sipendi" haihesabiwi. Kutoa toleo ni tofauti kabisa: zinahitajika +1 (ndiyo) tatu au zaidi za wenye haki ya kura, na za ndiyo zizidi za hapana. Hapo hakuna turufu. Tofauti hiyo ina maana yake. Msimbo mbovu ukishaingia ni kazi kuutoa, kwa hiyo mtu mmoja aliyeona tundu apewe breki. Toleo likisubiri kila mtu aridhike, halitoki milele.

Muda wa kawaida wa kura Apache ni saa 72. Kwenu angalieni kalenda: Muscat wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, Mwanza na Kampala Jumamosi na Jumapili. Kura iliyofunguliwa Alhamisi jioni inafungwa Jumapili jioni, na katika saa zote 72 hakuna siku ambayo wote mko kazini. Fungueni Jumatatu asubuhi, ifungwe Alhamisi.

Panapokuwa na njia tatu au zaidi, msihesabu mikono. Tuseme mnachagua leseni ya moduli mpya ya mikopo ambayo haijaandikwa bado. Wanne wanataka GPL, wakiikosa MPL, mwisho MIT. Watatu wanataka MIT, kisha MPL, kisha GPL. Wawili wanataka MPL, kisha MIT, kisha GPL. Kwa mikono GPL inashinda kwa 4, na watano kati ya tisa wamepata kile walichokiweka mkiani. Sasa pambanisheni mbili mbili: MPL na GPL ni 5 kwa 4, MPL na MIT ni 6 kwa 3. MPL inawashinda wote wawili. Debian hupiga kura hivi, kila mtu anapanga namba 1, 2, 3, na kwenye karatasi daima kuna mstari wa "hakuna kati ya hizi". Msiusahau mstari huo. Unawazuia watu kuchagua kibaya kidogo kwa kukosa njia ya kukataa.

Akidi pia ichukueni Debian, maana hesabu yao inakua pamoja na mradi. Wanachukua kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama, wanagawa kwa 2, na kwa uchaguzi wa kiongozi wanazidisha kwa 3. Wanachama 1,024: kipeuo ni 32, nusu ni 16, mgombea anahitaji watu 48 wanaompendelea kuliko ule mstari wa "hakuna". Ninyi tisa: kipeuo 3, nusu 1.5, mara 3 ni 4.5, yaani watu 5.

Sasa kipande kitakachowauma. Wanne kati yenu mna mwajiri mmoja. Mkiunda baraza la watu watatu na wawili wakatoka kwenu, watu wa Kampala watajua wanajitolea kuifanyia kazi kampuni yenu bure, nao wataondoka kimyakimya. Watu wa Python, lugha ya kuandikia programu, walilikuta jambo hili. Guido van Rossum, mwanzilishi wake, alikuwa na neno la mwisho tangu mwanzo. Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya pendekezo namba 572 (lile la alama ya :=), alijiuzulu, na hapakuwa na maandishi ya nani anamrithi wala namna gani. Iliwachukua hadi Desemba kupiga kura ya kuchagua aina ya utawala tu, kabla ya kuwachagua viongozi wenyewe. Walichochagua ni baraza la watu 5, na wasizidi 2 wa mwajiri mmoja. Wakitokea watatu, mwenye kura chache kati yao anatoka, wa sita anapanda. Kwenu baraza la watatu, asizidi mmoja kutoka kampuni yenu. Mkiona ni kali mno, jiulizeni kama kweli mnataka mradi wa jamii au mnataka vibarua. Yote mawili ni halali, ila mseme mapema.

Kisha funguo. Hapa ndipo katiba nyingi nzuri zinapofia, kwa sababu maandishi yanasema baraza linaamua na nenosiri liko kwa mtu mmoja. Orodhesheni: mmiliki wa akaunti ya ghala la msimbo, aliyesajili domeni na namba ya simu aliyoitumia, akaunti ya kuchapishia vifurushi, ufunguo wa kusaini matoleo, akaunti ya fedha. Kila kimoja kiwe na watu wawili wasiofanya kazi ofisi moja. Jihadharini na namba za simu: tarakimu za kuthibitisha huenda kwenye laini, laini isiyotumika hufungwa na baadaye kupewa mtu mwingine, na ndivyo mradi unavyopoteza domeni yake bila kuibiwa na yeyote. Tumieni programu ya kuzalisha tarakimu badala ya ujumbe mfupi, na zile tarakimu za dharura zichapwe kwenye karatasi, bahasha mbili, miji miwili. Orodha ipitiwe kila miezi 6.

Andikeni pia kustaafu. Asiyefanya lolote kwa miezi 12 anahamishiwa orodha ya wastaafu, ufunguo unarudishwa, na akirudi anaomba tu anapewa. Ikiwa kanuni, hakuna anayeona amefukuzwa. Isipokuwapo, baada ya miaka miwili nusu ya wapiga kura wenu watakuwa hawapatikani na akidi haitafika.

Na WhatsApp? Bishaneni huko mkipenda. Ila uamuzi usiwe uamuzi mpaka uandikwe kwenye ghala, ndani ya faili lenye namba: pendekezo, sababu, kura, tarehe. Apache wana msemo kwamba lisilotokea kwenye orodha ya barua pepe halikutokea. Mwanachama wa kumi akiingia kwenye kundi la WhatsApp haoni mliyosema kabla yake, atauliza upya yote, nanyi mtabishana upya yote. Kubadili katiba yenyewe wekeni theluthi mbili, watu 6 kati ya tisa.

Kampuni imebadili leseni, tufanye nini?

*Hospitali yetu ya kaunti ina mifumo kadhaa huria. Mmoja, kampuni inayouendesha imetangaza leseni mpya yenye masharti. Mkurugenzi anasema tumetapeliwa. Wanaruhusiwa kweli? (Kisumu)*

Mara nyingi wanaruhusiwa, kwa matoleo yajayo. Toleo mlilonalo linabaki chini ya leseni mliyolipokea nayo, hilo halirudi nyuma. Tatizo ni kwamba marekebisho ya usalama yataandikwa kwa toleo jipya. Kwa hiyo leo hii: zuieni usasishaji wa kujiendesha, pakueni msimbo wote wa toleo la mwisho la leseni ya zamani pamoja na vitegemezi vyake mhifadhi ndani, kisha muone kama kuna watu wanaomeguka na mradi.

Mfano mzuri ni Terraform, programu ya kuandaa na kusimamia seva. Tarehe 10 Agosti 2023 kampuni yake, HashiCorp, waliitoa kwenye MPL 2.0 wakaiweka leseni inayozuia washindani. Waliweza kwa sababu kila mchangiaji alikuwa ametia saini mkataba wa kuipa kampuni haki pana juu ya mchango wake. Watumiaji wakubwa wakachukua toleo la mwisho la MPL, wakaunda OpenTofu, Septemba ikapokelewa na Linux Foundation, na Januari 2024 wakatoa toleo lao la kwanza thabiti. Redis, programu ya hifadhidata, haikuhitaji hata mkataba huo, kwani leseni yake ya BSD inamruhusu yeyote kuufungia msimbo ndani ya kitu kingine. Walibadili Machi 2024, mwezi uleule mmeguko wake, Valkey, ukazaliwa. Mei 2025 Redis wakarudi na AGPL, leseni huria, kama mojawapo ya leseni, ila waliokwisha kuhama walikuwa wamehama. Linux, kwa upande mwingine, haiwezi kufanyiwa hivyo: hakimiliki yake imetawanyika kwa maelfu, na ule mstari wa Signed-off-by tulioutaja kwa msomaji wa Dodoma haukabidhi haki kwa mtu.

Kinachopotea mradi ukimeguka si msimbo, ni jina. Septemba 2010 watengenezaji wengi wa OpenOffice.org, programu za kazi za ofisi, waliondoka kwa kuiogopa kampuni ya Oracle, wakalazimika kujiita LibreOffice, kwa kuwa alama ya biashara ilikuwa ya Oracle. Mwaka uliofuata Oracle waliipa Apache msimbo na jina, lakini watu wenyewe walikuwa wameshazoea nyumba mpya. Mmeguko unaweza pia kurudiana: io.js walijitenga na Node.js (programu ya kuendesha JavaScript kwenye seva) Desemba 2014 wakidai utawala ulio wazi, na mwaka 2015 wakaungana tena chini ya taasisi mpya ambayo si ya kampuni moja.

Kwa mifumo yenu mingine, chukueni saa moja kwa kila mmoja. Someni faili la LICENSE. Soma mwongozo wa wachangiaji uone kama kuna mkataba wa kukabidhi haki au mstari wa kiapo tu. Tafuteni alama ya biashara ni ya nani. Kisha ndani ya ghala endesheni:

git shortlog -sne --since=1.year HEAD

Mtaona nani ameandika mara ngapi ndani ya mwaka, na barua pepe zitawaambia waajiri, ingawa wengine hutumia anwani binafsi. Tisa katika kila kumi zikitoka kampuni moja, huo ni mradi wa kampuni, hata kama leseni ni huria. Si dhambi. Ila mpange bajeti mkijua hivyo. Mkienda kwa mifano iliyo karibu nanyi, kiini cha DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, kinaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo chini ya leseni ya BSD, wakati OpenMRS iko chini ya MPL 2.0 na nyuma yake kuna shirika lisilo la faida. Maswali ya kuwauliza hao wawili hayafanani.

Mlango wa nyuma uliingiaje machoni pa watu wote?

*Nasikia huria ni salama kwa kuwa kila mtu anaona msimbo. Mbona xz ilitaka kuifungua dunia nzima? (Dar es Salaam)*

Kwa sababu kuweza kuona si kutazama. xz ni programu ya kubana mafaili, iko karibu kila Linux, na kwa miaka ilitunzwa na mtu mmoja kwa muda wake wa ziada. Kuanzia mwishoni mwa 2021 mtu aliyejiita Jia Tan alituma viraka vizuri kabisa. Mwaka 2022 zikajitokeza akaunti zisizojulikana zikimlaumu mtunzaji kwa kuchelewesha kazi, zikimtaka aongeze mkono. Alikuwa amekiri hadharani kwamba amechoka. Akampa Jia Tan ufunguo.

Februari na Machi 2024 yakatoka matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakiwa na mlango wa nyuma unaolenga huduma ya kuingia seva kwa mbali. Mzigo ulifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, na hati iliyouamsha haikuwamo kwenye ghala la msimbo. Ilikuwa kwenye kifurushi cha toleo tu, kile ambacho mtoa toleo hukitengeneza kwenye mashine yake. Andres Freund, mtengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, na Machi 29, 2024 akatangaza. Yalikuwa yameshafika kwenye matawi ya majaribio ya Debian na Fedora (mkusanyiko mwingine wa Linux), bado hayajaingia matoleo thabiti.

Watu walitumia muda mrefu kuuliza Jia Tan ni nani. Kwa mtunzaji, la maana zaidi ni kwamba mtu mmoja aliweza kuandika, kukubali, kufunga kifurushi na kukisaini. Tenganisheni hizo kazi. Kifurushi kijengwe na mashine moja kwa moja kutoka alama ya toleo kwenye ghala, na mtu wa pili akijenge upya kwake alinganishe alama za vidole za mafaili, yaani tarakimu zinazobadilika faili likibadilika. Faili la majaribio lisilosomeka kwa macho liambatane na hati iliyolizalisha. Na mtunzaji akishinikizwa na akaunti zilizofunguliwa wiki iliyopita na ambazo hazijawahi kuchangia mstari mmoja, anayo haki ya kutojibu.

Fedha zimekuja, akaunti hatuna

*Mfadhili anataka kutupa dola 5,000 lakini hatujasajiliwa popote. Tusajili shirika? (Arusha)*

Kwa kiasi hicho, hapana. Usajili, ukaguzi wa hesabu na taarifa za kila mwaka vitakula fedha na muda wa yule mwenzenu anayejua kuandika msimbo vizuri. Tafuteni mdhamini wa kifedha, yaani shirika lililokwisha kusajiliwa linalopokea fedha kwa niaba ya miradi. Software in the Public Interest, lililoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya Debian na sasa lina miradi mingi, hukata 5%, kwenu dola 250. Software Freedom Conservancy hukata 10% na hutoa msaada wa kisheria zaidi. Wote huchagua miradi, na foleni ni ndefu, kwa hiyo mwambieni mfadhili mapema.

Kwenye mkataba someni vifungu viwili kwa makini: nani anasema kwa niaba ya mradi (jina la mtu, au baraza na namna linavyochaguliwa), na mkitaka kuondoka fedha na domeni vinahamaje. Kisheria fedha zitakuwa za mdhamini, kwa hiyo kifungu cha kuondoka kikikosekana hamna mlichoshika.

Msidharau kiasi. Hadi hitilafu ya Heartbleed ilipogundulika Aprili 2014, OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano iliyolinda sehemu kubwa ya tovuti za dunia ilikuwa ikipata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Kabla dola zenu 5,000 hazijaingia, andikeni zinalipia nini na nani haruhusiwi kuidhinisha malipo yake mwenyewe. Malipo yatoke kwa ankara yenye kazi iliyotajwa, si kwa mgao sawa kwa kila mtu, maana mtu mpya akijiunga wiki ya malipo atataka fungu lake.